Mawe Hayasemi: Hoja Dhidi ya Ziara Zinazodai "Kuihuisha" Historia ya Uingereza

Kila linapozuka suala la namna ya kufundisha historia, siku hizi jibu la haraka ni moja: wapelekeni wanafunzi mahali penyewe. Kitabu, tunaambiwa, kimekufa. Mahali ni hai. Ukisimama ndani ya ngome na kugusa ukuta uliojengwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, historia itakuinukia mbele ya macho. Waingereza ndio mabingwa wa imani hii. Nchi yao imejaa makasri, makanisa, majumba ya mabwana na viwanda vya zamani ambavyo hupokea wageni kwa tiketi, na vijitabu vya matangazo havichoki kuahidi kwamba hapo historia inahuishwa. Sisi tunaoisoma historia ya nchi hiyo tukiwa Afrika Mashariki tumeipokea imani hiyo kama ilivyo. Nimemsikia mhadhiri akisema kwamba asiyefika Uingereza hawezi kuielewa historia ya Uingereza, na darasa zima likaitikia kwa vichwa.

Mimi napinga. Sipingi ziara. Nilikaa Manchester mwaka mmoja wa masomo, na sehemu kubwa ya akiba yangu iliishia kwenye nauli za treni na tiketi za maeneo hayo. Ninachokipinga ni dai kwamba mahali, kwa kuwa mahali tu, panaihuisha historia. Mawe hayasemi. Anayesema ni aliyeandika kibao cha maelezo, aliyechagua vyumba vya kufunguliwa na vya kufungwa, aliyemvisha mwigizaji joho la kifalme badala ya aproni ya mpishi. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Ziara isiyouliza ni nani aliyeiwamba ngoma haihuishi historia. Humfufua mwenye nyumba peke yake, na waliomjengea nyumba ile ikawazika mara ya pili.

Nianze na mahali ambapo kila mgeni wa London hupataka kwanza, Tower of London. Ngome hii ilianzishwa na William Mshindi baada ya kushinda vita vya Hastings mwaka 1066, na mnara wake wa kati ulianza kujengwa miaka ya 1070. Ni jengo la mvamizi aliyetaka wenyeji wamwogope. Lakini muulize aliyetoka huko amekumbuka nini. Atakutajia kunguru. Kunguru wakubwa weusi hufugwa ndani ya ngome, na mgeni huambiwa kwamba siku watakapoondoka, ufalme utaanguka, na kwamba amri ya kuwatunza ilitolewa na Mfalme Charles wa Pili katika karne ya 17. Ni hadithi tamu. Tatizo lake ni kwamba wanahistoria walioitafuta katika nyaraka za zamani hawakuipata. Dalili zote zinaonyesha kwamba ni hadithi iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 au baada ya hapo. Yaani kile kinachoshangiliwa kuwa historia iliyo hai ni pambo lililobandikwa juzi juzi kwenye ukuta wa kale. Ukuta haukumsahihisha mtu. Hauwezi.

Ndani ya ngome hiyo hiyo kuna vito vya taji. Mgeni hupita mbele ya mataji kadhaa akiwa amesimama juu ya mkanda unaosogea wenyewe, ili foleni isikwame. Mkanda huo unanifaa kama mfano wa ziara nzima: unabebwa, unatazama, unashushwa. Katika taji mojawapo imo almasi iitwayo Koh-i-Noor. Mwaka 1849, baada ya Waingereza kuiteka Punjab, mtawala wa huko, Duleep Singh, alitiwa sahihi kwenye mkataba wa kuikabidhi almasi hiyo kwa Malkia Victoria. Duleep Singh alikuwa mtoto wa miaka 10. Kwa miongo mingi mamilioni ya watu waliitazama almasi hiyo na kuona mng'aro tu. Ni mwaka 2023 ambapo maonyesho hayo yalipangwa upya na almasi ikaelezwa waziwazi kuwa ni alama ya ushindi wa vita. Jiwe ni lile lile, na lilikuwepo hapo muda wote likitazamwa. Kilichobadilika ni maneno yaliyowekwa kando yake.

Mfano wangu mkubwa zaidi uko kaskazini mwa Wales, karibu na mji wa Bangor. Penrhyn Castle ni kasri kwa sura tu. Lilijengwa kati ya miaka ya 1820 na 1830, wakati ambapo hakuna adui aliyetarajiwa kuja na mikuki. Minara na kuta zake nene ni maigizo ya kitajiri. Ndani kuna ngazi za mawe zilizochongwa kama kanisa, michoro ya thamani, na kitanda cha jiwe la sleti chenye uzito wa tani moja, kilichotengenezwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Victoria mwaka 1859. Inasimuliwa kwamba malkia alikataa kukilalia. Nilipofika hapo, karibu kila mgeni alipiga picha kitanda hicho, akacheka, akaenda zake.

Sasa tuulize maswali mawili ya kawaida kabisa, ambayo mama yeyote wa soko la Owino angeyauliza: fedha zilitoka wapi, na nani alifanya kazi?

Fedha zilitoka kwanza Jamaika. Familia ya Pennant ilikuwa na mashamba ya miwa huko, na mashamba hayo yalilimwa na Waafrika waliotumwa utumwani. Richard Pennant, aliyekuja kuwa Baroni Penrhyn wa kwanza, alikuwa mbunge wa Liverpool na alisimama bungeni kuitetea biashara ya watumwa. Kwa faida ya sukari alinunua ardhi Wales, akajenga barabara na bandari, akapanua machimbo ya sleti, yale mawe mabapa ya kuezekea nyumba. Mrithi wake, George Hay Dawkins-Pennant, ndiye aliyejenga kasri. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia hiyo hawakupewa watumwa. Walipewa mabwana. Dawkins-Pennant alipokea pauni 14,683 kwa watu 764. Hao watu 764 hawakupata hata senti, na walitakiwa kuendelea kumfanyia kazi kwa miaka kadhaa zaidi kwa jina la "uanagenzi" hadi 1838.

Kisha fedha zilitoka mlimani. Machimbo ya Penrhyn yalikuja kuwa makubwa kuliko yote duniani ya aina hiyo. Tarehe 22 Novemba 1900, wachimbaji wapatao 2,800 waliweka nyundo chini na kuondoka. Walikuwa wakidai haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi na kukomeshwa kwa utaratibu wa mikataba uliowanyonya. Bwana wao alikataa. Mgomo ulidumu miaka 3, hadi Novemba 1903, na ni miongoni mwa migomo mirefu kabisa katika historia ya Uingereza. Katika mji wa Bethesda watu waliuza vyombo vya nyumbani, wengine wakahamia makaa ya mawe ya kusini, kwaya zikazunguka nchi nzima zikiimba ili kuchangisha chakula. Wengine walishindwa na njaa wakarudi kazini. Waliobaki waliweka madirishani karatasi iliyoandikwa kwa Kiwelisi: ndani ya nyumba hii hamna msaliti. Mzee mmoja anayejitolea kuwaelekeza wageni pale kasrini aliniambia kwamba zipo familia za Bethesda ambazo mpaka leo hazikanyagi mlango wa kasri hilo. Kilomita chache tu zinawatenganisha, na miaka zaidi ya 100.

Kasri hilo lilikabidhiwa kwa shirika la National Trust mwaka 1951, na kwa muda mrefu wageni walisimuliwa juu ya kitanda, michoro na malkia. Miaka ya karibuni maelezo juu ya Jamaika na juu ya mgomo yameongezwa, na mandhari ya machimbo ya eneo lile iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO. Ni hatua njema. Lakini ona jambo hili: mtu aliyetembelea Penrhyn mwaka 1960, akapanda ngazi zote, akagusa kila ukuta, alitoka akiwa hajui juu ya watu 764 wala juu ya karatasi za madirishani. Alikuwa mahali penyewe. Alikuwa na mwili wake wote pale. Na bado alidanganywa, kwa sababu ukimya nao ni uongo. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kufika ni kujua.

Najua hoja itakayoletwa kunijibu. Itasemwa kwamba mahali hugusa mwili: baridi ya ukuta, giza la chumba, ukubwa wa jengo, vitu ambavyo ukurasa hauwezi kutoa. Katika mji wa York kuna kituo cha Jorvik, kilichofunguliwa mwaka 1984 baada ya wataalamu kufukua mabaki ya makazi ya Waviking. Mgeni hupakiwa kwenye kijigari, akapitishwa katikati ya sanamu za wavuvi na mafundi, na pua yake hupewa harufu ya samaki, ya moshi na ya choo. Watoto hufurahi sana, na sioni vibaya wakifurahi. Ila harufu haina tarehe. Choo cha Mviking na choo cha shule ya bweni vinanuka namna moja, na pua haiwezi kukueleza nani alikuwa mtumwa katika mji ule na nani alikuwa bwana. Hisia ni mlango wa kuulizia swali. Anayeifanya kuwa jibu amebaki mlangoni.

Mahali palipolielewa jambo hili vizuri, kwa maoni yangu, ni Quarry Bank, kiwanda cha kusokota na kufuma pamba katika kijiji cha Styal, si mbali na Manchester. Kilianzishwa na Samuel Greg mwaka 1784. Mitambo kadhaa ya kufuma huwashwa hadi leo, na ikiwashwa, hata ukipiga kelele, mtu aliye karibu nawe hakusikii. Sakafu yenyewe hutetema. Mwili umeguswa, basi. Lakini hapo hapo, ng'ambo kidogo, ipo nyumba ya wanagenzi, walimolala watoto waliochukuliwa kutoka nyumba za maskini na kufungwa kwa mikataba ya miaka mingi. Walifanya kazi saa 12 hivi kwa siku, siku 6 kwa juma, na malipo yao makubwa yalikuwa chakula na kitanda cha kulala wawili wawili.

Mwaka 1806 wavulana wawili walitoroka hapo, Thomas Priestley na Joseph Sefton. Walitembea hadi London. Walipokamatwa, maelezo yao yaliandikwa na mahakimu, na karatasi hizo zipo. Priestley alikuwa na miaka 13. Alieleza kwamba kidole chake kiling'olewa na mashine, na kwamba alipokuwa akiuguza jeraha ndipo alipomkumbuka mama yake, akatamani kumwona. Mambo hayo ukiyajua, kelele ya mtambo inapata maana ambayo spika haiwezi kuitengeneza. Kilichomfufua Thomas Priestley si jengo. Jengo lilikaa miaka mingi bila kumtaja. Kilichomfufua ni karatasi ya karani mmoja wa mahakama, na mtafiti aliyeisoma, na mwongozaji aliyekubali kuisimulia kwa wageni waliokuja kutazama bustani.

Na hata Quarry Bank haimalizi kazi yake ikiishia kwa Priestley. Pamba iliyosokotwa Lancashire katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na familia ya Greg ilimiliki shamba lenye watumwa katika kisiwa cha Dominika. Mtoto wa maskini wa London na mtumwa wa Karibi walikuwa ndani ya hesabu moja ya tajiri mmoja. Hakuna ukuta Styal unaoweza kukuonyesha Dominika. Inabidi uende kwenye daftari.

Kuna upande mwingine wa hoja yangu, nao ni maeneo ambayo hayana kitu cha kutazama. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's Field, Manchester, kudai haki ya uwakilishi bungeni. Mji huo mkubwa haukuwa na mbunge hata mmoja. Askari wa farasi waliingia katikati ya umati wakiwa na panga. Waliokufa hutajwa kuwa 18, akiwemo mtoto wa miaka 2, na waliojeruhiwa walikuwa mamia. Magazeti yaliliita tukio hilo Peterloo, kwa kejeli, kufuatana na Waterloo, vita ambavyo jeshi hilo lilijivunia kuvishinda miaka 4 kabla. Leo uwanja haupo. Kuna hoteli, maktaba, reli ya tramu na watu wenye haraka. Nilipita hapo karibu kila siku.

Kwa miaka mingi kumbukumbu kuu ya mauaji hayo ilikuwa kibao kimoja cha buluu ukutani. Kibao kilitaja mzungumzaji wa siku ile, kikataja ukubwa wa umati, kisha kikasema umati huo ulitawanywa na jeshi. Ulitawanywa! Kama kuku waliofukuzwa kwenye mtama. Maiti hakutajwa hata mmoja. Wananchi walipigania kibao hicho kibadilishwe, na mwaka 2007 kikawekwa kingine kinachosema kwamba watu waliuawa. Mwaka 2019, miaka 200 baada ya tukio, ukajengwa mnara wa duara wenye majina ya waliokufa. Mgeni wa kabla ya 2007 na mgeni wa baada ya 2007 walisimama kwenye lami ile ile. Mmoja alijifunza kwamba palikuwa na fujo iliyotulizwa, wa pili kwamba palikuwa na mauaji. Tofauti yote iko kwenye maneno machache, na maneno hayo yalipatikana kwa kugombana.

Bristol wao waligombana kwa kamba. Sanamu ya Edward Colston ilisimamishwa hapo mwaka 1895, na maandishi yake yalimsifu kuwa miongoni mwa wana wa mji wenye wema na hekima kuliko wote. Hayakutaja kwamba alikuwa kiongozi katika Royal African Company, kampuni ambayo katika miaka yake ilisafirisha Waafrika zaidi ya 80,000 kuwapeleka utumwani. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliivuta chini na kuitupa bandarini. Iliopolewa, na sasa iko katika jumba la makumbusho la M Shed, imelazwa chali, rangi waliyoimwagia ikiwa bado mwilini. Wapo waliolia kwamba historia imefutwa. Mimi nasema sanamu hiyo ilikaa wima miaka 125 na kufundisha uongo. Ikalazwa chini, ikaanza kufundisha historia.

Hapa ndipo wapinzani wangu halisi hujitokeza. Septemba 2020 shirika la National Trust lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba majumba na maeneo 93 kati ya yale linayoyatunza yalikuwa na uhusiano na ukoloni na utumwa. Halikubomoa kitu. Lilieleza tu. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa: wabunge waliandika barua, magazeti yalipiga kelele, na wanachama wengine wakaunda kundi la kulipinga shirika lao. Malalamiko yalikuwa kwamba watu huenda kwenye majumba hayo kupumzika, kunywa chai na kutazama maua, si kuhubiriwa siasa.

Malalamiko hayo yanafichua siri ya msemo mzima wa "kuihuisha historia". Watu hao hao walioimba kwa miaka kwamba historia iwe hai, ilipofungua mdomo na kuanza kusema, waliiamuru inyamaze. Walichokitaka kilikuwa maiti iliyopambwa vizuri. Kitu kilicho hai hujibu, hukasirisha, hudai. Kama ziara yako ya kihistoria haijawahi kumuudhi mtu yeyote, chunguza. Huenda ulikwenda bustanini.

Na kusema kwamba kuwataja watumwa wa Jamaika ndani ya kasri la Wales ni kuingiza siasa, ni sawa na kula ugali kisha kuona tusi mtu akimtaja mkulima. Siasa iliingia zamani, siku fedha za sukari zilipogeuka kuwa ngazi za mawe.

Sasa nirudi kwenye dai la mhadhiri niliyemtaja mwanzoni, kwa sababu linatuhusu sisi moja kwa moja. Ikiwa asiyefika hawezi kuelewa, basi historia ya Uingereza ni mali ya wenye pasipoti, viza na fedha za tiketi. Wengine wote, yaani karibu sote tunaosoma somo hili Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu, tutakuwa wanafunzi wa daraja la pili milele, tunaosimuliwa na waliobahatika. Dai hilo ni la kuvunja moyo, na tena si la kweli. Nyaraka za fidia ya mwaka 1833 zimechambuliwa na watafiti wa University College London, na hazina yao iko wazi bure kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Mbarara mwenye simu na kifurushi kidogo cha data anaweza leo usiku kuandika jina Dawkins-Pennant na kuona mashamba, idadi ya watu na pauni. Kwa nusu saa hiyo atakuwa ameijua Penrhyn Castle kuliko maelfu waliopanda ngazi zake katika karne ya 20. Atajua pia kwamba mkopo uliochukuliwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya kuwalipa mabwana hao ulimalizwa kulipwa mwaka 2015 tu, kwa kodi za watu walio hai leo, wakiwemo wajukuu wa waliotumikishwa. Iko wapi historia iliyo hai kuliko hiyo? Wala haikuhitaji kasri.

Zaidi ya hayo, historia ya Uingereza haikufanyika Uingereza peke yake. Sehemu yake nzuri iko mlangoni petu. Kaskazini mwa mji wa Gulu kuna ngome ya Patiko, ambayo wengi huiita ngome ya Baker. Shule hupeleka watoto huko. Samuel Baker, Mwingereza, alifika Patiko na kuweka ngome mwaka 1872, mahali palipokuwa pametumiwa na wafanyabiashara wa watumwa. Simulizi inayopendwa ni ya Baker mkombozi, aliyekuja kukomesha biashara hiyo. Ni kweli kwamba alipambana na wafanyabiashara hao. Ni kweli vilevile kwamba alitumwa na mtawala wa Misri, Ismail, kuitwaa nchi hiyo iwe chini ya Misri, kwamba mwaka huo huo alijitangazia Bunyoro kuwa mali ya mtawala huyo, na kwamba Kabalega alimpiga vita Masindi hadi akalazimika kurudi nyuma. Mtoto anayepelekwa Patiko akaonyeshwa mawe na kuambiwa nusu ya habari, amefanyiwa kile kile alichofanyiwa mgeni wa Penrhyn mwaka 1960. Sisi ndio tutakaokuwa walimu wake. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza nchini Uganda mwaka 2020 unatutaka tumtoe mwanafunzi darasani, atende na kuona. Vizuri. Lakini tukiiga kutoka Uingereza mabasi, sare na picha za pamoja, bila kuiga ugomvi wa kibao cha Peterloo, tutakuwa tumenunua ngozi tukaacha nyama.

Kwa hiyo ninachodai si kufutwa kwa ziara. Nadai utaratibu ubadilishwe. Karatasi itangulie basi. Kabla ya mwanafunzi kuliona kasri, asome hati moja ya mtu aliyelitumikia: maelezo ya mtoro, orodha ya mishahara, daftari la fidia, wimbo wa mgomo. Akifika, asipewe kazi ya kuchora minara. Apewe kazi ya kuchunguza vibao. Nani ametajwa kwa jina? Nani ametajwa kwa idadi? Nani hakutajwa kabisa? Fedha zilitoka wapi, na zilikwenda wapi? Nani analitunza jengo hili sasa, na angepoteza nini kama ukweli wote ungesemwa? Akirudi, aandike kibao chake mwenyewe cha maneno 50, akitetee mbele ya darasa. Mwanafunzi asiyeweza kusafiri afanye kazi hiyo hiyo kwa hati na picha, na apewe alama sawa, kwa sababu amefanya kazi sawa.

Wapo watakaosema kwamba ninawanyima wanafunzi raha ya safari. Raha ibaki. Wale samosa kwenye basi, waimbe, wapige picha. Ila tusiite raha hiyo elimu ya historia mpaka mtu aliyenyamazishwa apate kusema. Msema pweke hashindwi, na katika majumba ya Uingereza bwana mwenye nyumba amesema pweke kwa muda mrefu mno. Kazi yetu, tuwe tumesimama kwenye ngazi zake au tumekaa kwenye kibaraza cha hosteli na simu mkononi, ni kumleta shahidi wa pili.